Uzi: Berserk! (1967), mauaji ndani ya hema la sarakasi. Muuaji tulionyeshwa kwa haki, au tulipigwa changa la macho?

#1 Fundi Redio

Wakuu, salaam. Leo sina siasa wala mpira. Jana usingizi ulinipaa, nikachomeka flashi moja yenye sinema za zamani, nikakutana na Berserk! ya mwaka 1967. Niliwahi kuiona mara moja utotoni, enzi za kanda za video, na nilichobaki nacho kichwani ni mtu ananing'inia juu ya ulingo huku watazamaji wanapiga mayowe. Sasa nimeitazama kwa akili ya mtu mzima na nina ugomvi nayo.

Tahadhari: humu namwaga mtama wote, mpaka jina la muuaji. Kama hujaiona na unataka kuiona, toka sasa hivi, usije kunilaumu.

Kisa chenyewe. Monica Rivers (Joan Crawford) ana sarakasi inayozunguka miji ya Uingereza, na mbia wake ni bwana mmoja anaitwa Dorando (Michael Gough). Monica ndiye mwenye hema na ndiye anayesimama ulingoni kutangaza michezo. Sinema haibishi hodi. Gaspar yuko juu anatembea kwenye waya, waya unakatika, unamzonga shingoni, ananyongeka mbele ya hadhara. Dorando anatetemeka. Monica anapiga hesabu ya tiketi. Kwake yeye mkasa ule ni tangazo la bure, na kweli, watu wanafurika.

Dorando anataka alipwe fungu lake ajitoe. Hafiki mbali: anakutwa amepigiliwa kigingi kichwani. Pengo la Gaspar linazibwa na kijana mmoja wa Kimarekani, Frank Hawkins (Ty Hardin), ambaye yeye anatembea juu ya waya huku chini yake kumepangwa singe, ncha zinatazama juu. Monica anampenda kazi, halafu anampenda na mwenyewe. Scotland Yard (polisi wa London) wanamtuma Mrakibu Brooks (Robert Hardy) akae humo humo kambini achunguze. Kisha Matilda (Diana Dors), yule dada wa mazingaombwe anayelazwa kwenye sanduku na "kukatwa" kwa msumeno, anakatwa kweli. Mwisho Frank, akiwa juu ya waya, anapigwa kisu cha mgongo na kuangukia zile singe.

Muuaji? Angela, binti wa Monica (Judy Geeson), aliyefukuzwa shule ya bweni na kuletwa kwa mama yake katikati ya sinema.

Sasa ugomvi wangu. Gaspar anakufa, Dorando anakufa, na huyo Angela hatujamwona hata kivuli. Yuko shule! Nimekaa najipanga kama mpelelezi, namshuku huyu, namfuta yule, kumbe jibu lilikuwa nje ya hema muda wote. Huo ni uungwana kweli? Karibuni.

#2 Kaka Ubungo

Ina mtafsiri?

#3 Fundi Redio

Haina, mkuu. Kiingereza chenyewe cha kistaarabu, wanaongea polepole, utaambulia.

#4 BintiChumbageni

Kaka Fundi, mimi nakupinga, tena nakupinga nikiwa nimeiona mara tatu.

Angela alipoletwa, mama yake hajui pa kumweka. Anafanya nini? Anampa kazi kwa Gustavo, mrusha visu. Yaani mama mtu mzima, hemani kwake wameshakufa watu wawili, anamchukua binti aliyefukuzwa shule kwa utovu wa nidhamu anamweka kwenye shughuli ya visu. Halafu Frank anakufa kwa nini? Kisu cha kurushwa. Sinema ilikuwekea mkononi, wewe ukawa unamtazama Crawford.

Na hapo ndipo ujanja ulipo. Wote tulikuwa tunamtazama Crawford. Yeye ndiye anayefaidika na kila maiti, ndiye aliyegombana na Dorando, ndiye Matilda anayemnyooshea kidole mbele ya wenzake. Kila tukimwona anapita nyuma ya mahema usiku tunasema "huyo, huyo". Binti anakuja na sura ya malaika na sare ya shule, nani amhesabu?

Kuhusu shule: hakuna mtu ndani ya sinema aliyesema Angela alikuwa bwenini usiku ule. Uliyejisemea ni wewe. Mwanafunzi aliyefukuzwa kwa ukorofi hawezi kuruka ukuta?

#5 Fundi Redio

Dada Chumbageni, kuruka ukuta wa shule ni jambo moja. Kuruka ukuta, kusafiri mpaka ilipo sarakasi, kuharibu waya wa mtaalamu bila yeye kugundua, kurudi bwenini, kisha kutoka tena na kwenda kumpigilia mtu mzima kigingi cha kichwa... na asubuhi uko darasani unajibu "present"? Huyo si mwanafunzi, ni kikosi.

#6 selingi_6

Mimi nafanya kazi ya kunyanyua mizigo bandarini, kwa hiyo nitaongelea waya tu, mengine nawaachia.

Waya ule wa chuma hausemi "tap!" ukakatika kama uzi wa kushonea. Umesokotwa. Ule wa kawaida tunaotumia una mishipa sita imezunguka kiini, na kila mshipa ndani yake una nyuzi ndogo kumi na tisa au zaidi. Ukitaka kufa unaanza kukuonya: uzi mmoja unakatika na kuchomoza nje kama mwiba. Ndiyo maana tunavaa glovu, na ndiyo maana mtu unapewa tambara unalipitisha juu ya waya; likinasa, hapo pana uzi umekatika. Ukihesabu nyuzi zilizokatika zikizidi kiwango, selingi (huo waya wa kunyanyulia mzigo) inatupwa hata kama kwa macho inang'aa.

Sasa mtu anayetembea juu ya waya kila siku, nyayo zake ndizo tambara. Gaspar angekanyaga mwiba wa kwanza tu angejua. Kwa hiyo aliyeharibu hakuusaga katikati. Kama ningekuwa Mrakibu Brooks ningekwenda moja kwa moja kwenye ncha, pale waya unapofungwa kwenye nguzo na kukazwa. Huko hakuna nyayo inayofika, na mtu mwenye nguvu za kawaida na spana anaweza kulegeza klipu mbili akaondoka zake. Hata msichana wa shule. Dakika tano.

Ila waya ukiachia ukiwa umekazwa unachapa kama mjeledi. Nimeshaona alama yake kwenye bati la kontena. Hiyo ya kumzonga mtu shingo ni utamu wa sinema.

#7 BintiChumbageni

@selingi_6 asante sana kaka. Dakika tano! Fundi, umesikia?

#8 Fundi Redio

Nimesikia. Dakika tano za klipu nakubali. Bado nadai nauli ya basi.

#9 Mwalimu Mstaafu wa Vuga

Wanangu, hamjambo. Nimesoma nikatabasamu.

Sisi wa pwani sarakasi tuliijulia kwenye picha za Kihindi. Mera Naam Joker ya Raj Kapoor, mwaka 1970, mapumziko mara mbili, tunaingia Majestic jua liko juu tunatoka usiku umeshaingia. Ile ilikuwa sarakasi ya kulia. Hizi za Waingereza ni sarakasi za kuua, na zilikuwa mtindo wa wakati wake.

Nataka nimsaidie Fundi, lakini kwa njia ambayo huenda hataipenda. Yeye analalamika muuaji alifichwa. Mimi nasema aliyekuwa anafuatilia picha za Joan Crawford miaka ile angemjua Angela dakika ile ile aliposhuka kwenye gari.

Crawford alikuwa malkia wa Hollywood tangu enzi za picha bubu. Umri ukasogea, kazi zikapungua. Mwaka 1962 akacheza na Bette Davis katika What Ever Happened to Baby Jane?, picha ya vikongwe wawili wanaoteseana ndani ya nyumba moja, ikavuma. Kuanzia hapo wenye kampuni wakagundua kwamba mwigizaji mkubwa wa zamani ukimtia kwenye picha ya kutisha watu wanakuja. Mwaka 1964 akacheza Strait-Jacket ya William Castle. Humo ni mama aliyetoka hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya kuua kwa shoka, na maiti zinapoanza tena kila mtu anamshuku yeye. Namwaga mtama wa pili: muuaji ni binti yake.

Miaka mitatu baadaye, Berserk!. Mama anayeshukiwa, binti mrembo, maiti. Chungu kile kile, wamebadilisha kifuniko tu.

#10 Fundi Redio

Mwalimu, shikamoo. Umenimaliza. Strait-Jacket sikuwahi kuiona.

Kwa hiyo kumbe kosa si kuficha, kosa ni kurudia! Hii inaniuma zaidi.

#11 Mwalimu Mstaafu wa Vuga

Marahaba mwanangu. Usiumie. Mtayarishaji wake, Herman Cohen, alikuwa Mmarekani mwenye kufanya picha za bei nafuu, na hakuona haya kwa jambo hilo. Aliandika kisa na Aben Kandel, akampa Jim O'Connolly aongoze. Walimpenda Crawford hata wakamrudisha katika Trog ya mwaka 1970, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake katika kumbi za sinema. Humo anazungumza na mtu wa mapangoni. Hiyo sitawashauri.

Lakini mtazameni mama yule katika Berserk!. Ameshapita miaka sitini, amevaa koti na soksi ndefu nyeusi, anasimama katikati ya ulingo wa kweli, tembo wa kweli wanapita nyuma yake, na hakuna unapomwona anaomba radhi kwa umri wake. Kisa ni cha bei nafuu. Yeye si wa bei nafuu.

#12 dogo_wa_Sinza

Wazee ngoja nichangie ya kitoto. Nimeicheki jana kwa sababu ya huu uzi. Yule Dorando aliyepigwa kigingi si ndiye Alfred wa Batman ya 1989?? Yule mzee mtumishi! Na Mrakibu Brooks ni Cornelius Fudge, Waziri wa Uchawi kwenye Harry Potter. Nilisimamisha video nikamwita mdogo wangu aje aone. Halafu yule mchekeshaji mfupi, Bruno (George Claydon), ni mmoja wa Oompa-Loompa wa Willy Wonka ya 1971.

Kisa chenyewe kinaenda taratibu mno. Kuna sehemu mauaji yamesimama kabisa tunaangalia mbwa wa manyoya wanacheza. Mbwa! Dakika zinakwenda. Nikasema labda mmoja wa mbwa ndiye muuaji.

#13 Mkilindini

@dogo_wa_Sinza hao mbwa wana haki yao, usiwaguse 😂 Mimi hilo ndilo nilipenda. Ile si sarakasi ya kutengeneza studio. Ni Billy Smart's Circus, moja ya sarakasi kubwa za Uingereza wakati huo. Mzee Billy Smart alikuwa mtu wa mabembea na michezo ya maonyesho, akaingia kwenye sarakasi mwaka 1946, akafariki 1966, na wanawe wakaendelea kuzunguka na hema mpaka 1971. Unapoona tembo na mbwa, unaona onyesho ambalo Waingereza wenyewe walikuwa wanalilipia.

Na sasa nawapa kitu cha kuchokoza. Hema la hao hao Billy Smart limetumika kwenye sinema tatu za mauaji ndani ya miaka saba hivi:

Circus of Horrors, 1960. Anton Diffring ni daktari wa upasuaji wa sura aliyekimbia mkono wa sheria, anajificha nyuma ya sarakasi. Anatengeneza sura za wanawake walioharibika, anawafanya nyota wa ulingo, na anayetaka kuondoka anapata "ajali" mbele ya watazamaji. Humo muuaji unamjua tangu mwanzo.

Circus of Fear, 1966. Christopher Lee ni mfunza simba anayevaa kofia ya kufunika uso mzima. Pesa zimeibwa kwenye gari juu ya Tower Bridge pale London, zinaishia kwenye kambi ya sarakasi wakati wa baridi, kisha visu vinaanza kuruka gizani.

Ya tatu ndiyo hii yetu.

Kwa hiyo wale tembo wameshuhudia mauaji kuliko Scotland Yard nzima.

#14 selingi_6

Haha, hiyo ya tembo nimeicheka kwa sauti mpaka msimamizi amegeuka.

#15 Kaka Ubungo

Swali la mtu asiyejua. Kwa nini sarakasi? Si wangeua tu nyumbani kama watu wengine.

#16 BintiChumbageni

Kaka Ubungo, fikiria ofisini kwako. Mtu akikutwa ameshika kisu, maswali yanaanza. Sarakasi kisu ni kitendea kazi. Msumeno kitendea kazi, kamba, nyundo ya kupigilia vigingi, simba mwenyewe kitendea kazi. Polisi wakija kuuliza silaha imetoka wapi wanaonyeshwa stoo nzima. Halafu hao watu hawana anwani: leo mji huu, kesho kutwa mwingine, shahidi wa jana amebaki nyuma kilomita mia.

Na kuna lile jambo la kupiga makofi. Matilda anapokatwa, watazamaji kwa muda wanadhani ni sehemu ya mchezo. Wamelipa waone mwanamke anakatwa. Wanaona mwanamke anakatwa. Mimi hapo ndipo nilipopata baridi, siyo kwenye damu, maana damu yenyewe ya mwaka 1967 ni kama rangi ya chungwa.

#17 Fundi Redio

Hapo kwa Matilda, dada, ndipo nilipokuwa nakusubiri. Angela mwenyewe anaeleza mwisho kwa nini aliua: mama hakuwa na muda naye, muda wote aliwapa wanaume wa sarakasi, basi yeye akawa anawaondoa. Sawa. Gaspar ni mwanamume. Dorando ni mwanamume. Frank ni mwanamume, tena mpenzi. Matilda ameingiaje kwenye hesabu hii? Matilda alikuwa *anamchukia* Monica. Hakumpunguzia mama muda hata dakika.

#18 BintiChumbageni

...

Hapo umenipata. Nilishawahi kulifikiria nikaliruka.

#19 Mwalimu Mstaafu wa Vuga

Mama yangu alikuwa na msemo, mtoto akililia wembe mpe. Huyu walimpa sarakasi nzima. Mimi namwona hivi: kufikia hapo binti hachagui tena. Wale wawili wa mwanzo waliuawa kwa sababu. Matilda aliuawa kwa sababu mashine ilikuwa pale na mkono ulishazoea. Tena jina la picha lenyewe ndilo hilo, mtu aliyepandwa na wazimu.

Ila nakiri ninaitetea kuliko walivyoitetea walioiandika.

#20 Fundi Redio

Mwalimu, kama jibu ni "alikuwa kichaa", hapo sasa upelelezi wote wa nini? Brooks anazunguka kambini sinema nzima, anahoji, anachungulia, mwisho wa siku hagundui kitu. Anayegundulika anagundulika kwa sababu kaonekana akirusha kisu. Ningetuma mgambo wa soko ningepata matokeo hayo hayo.

#21 Mkilindini

Mnasahau wimbo! Mauaji yamepamba moto, mara mwanamke mwenye ndevu, mtu mwembamba kama ufito, pandikizi la mtu na yule mchekeshaji mfupi wanasimama na kuimba. Wimbo unaitwa It Might Be Me. Jina kama hilo kwenye sinema ya kumtafuta muuaji! Nilianguka.

#22 dogo_wa_Sinza

Niliuruka huo. Narudi kuutafuta.

#23 selingi_6

Nimerudia mwanzo usiku huu baada ya kutoka zamu ya jioni. Nimeisogeza kidogo kidogo. Fundi, nakuomba radhi kidogo: waya umekatika katikati, haukuachia kwenye ncha. Kwa hiyo nadharia yangu ya klipu imekufa. Mtu angetakiwa apande juu na tupa, aketi pale asage nyuzi moja moja usiku kucha, na Gaspar asione wala asihisi.

Na nimeona kingine. Kifo cha Angela. Mvua, anakimbia nje, anagusa waya wa umeme uliochunika, kwisha. Nimeshika moyo. Hema lote lile, taa zile zote, nyaya zimelala kwenye majani mabichi, na watu wanapita na ndoo za maji ya tembo. Hilo ndilo pekee kwenye sinema nzima ambalo lingeweza kutokea Jumatatu yoyote. Hakuhitajika muuaji.

#24 BintiChumbageni

Na Crawford anamlilia pale kwenye tope. Mimi namwamini pale. Sinema nzima alikuwa chuma, pale anakuwa mama wa mtu.

#25 Fundi Redio

Pale hata mimi sikuwa na ugomvi. Mvua, tope, na kule ndani bendi bado inapiga.

Haya, tufanye hivi. Jumamosi saa tatu usiku tutazame Circus of Fear kila mtu kwake, halafu turudi hapa. @Mkilindini alivyoieleza, inaelekea ni ya fumbo kweli, muuaji hajulikani. Sharti moja: hakuna kusoma mtandaoni kabla, na safari hii @selingi_6 usitazame mwanzo peke yako ukaja na tambara.

#26 Mkilindini

Angalieni mnachopakua. Waliyoipeleka Marekani iliitwa Psycho-Circus, imekatwakatwa na imetolewa rangi. Ya Kijerumani nayo haina rangi. Tafuteni yenye jina la Circus of Fear na rangi kamili, vinginevyo mtakuja hapa kila mmoja na sinema yake.

#27 Kaka Ubungo

Hiyo ina mtafsiri?